Gogo Lenye Masikio

Haya, wajukuu zangu, na ninyi wakubwa mliojibanza huko nyuma mkijifanya hamsikilizi, nawategea: ninalo gogo langu. Mchana kutwa limelala majini, jua likizama linapanda nchi kavu kula majani. Lina masikio madogo, lina mdomo mpana kama mlango wa ghala, na ukilitaja kwa jina lake, anayepotea ni wewe. Ni nini?

Usijibu! Wewe uliyenyoosha kidole, kishushe. Najua unajua, nani asiyejua? Lakini huko tunakokwenda jibu hilo lilipigwa marufuku, nami sitaki mtu aondoke hapa amevalishwa miwani. Tungoje. Akitokea mwenye cheo cha kulisema atalisema yeye, na sisi tutakuwa tumesikia tu, hatumo.

Nchi yenyewe iliitwa Jamhuri ya Shwari. Usiitafute kwenye ramani, iko pembeni kidogo, pale ramani inapokunjwa. Ilikuwa na sheria nyingi zilizoandikwa, na moja kubwa ambayo haikuandikwa popote ila kila mtoto aliijua kabla ya kuota meno: jambo likishasemwa redioni na kiongozi, limekuwa. Redio ikisema mvua imenyesha, watu walitembea juani na miavuli. Redio ikisema bei ya sukari imeshuka, wateja walilipa bei ileile ya jana huku wakishukuru kwa punguzo. Ilikuwa nchi yenye amani sana.

Sasa, Shwari ilikuwa na ziwa, Ziwa Lutende, na ziwani walikuwamo hao ambao sitawataja. Walikuwa wengi, tena wakorofi. Walipindua mitumbwi ya wavuvi, walikanyaga mihogo, na mwaka mmoja walimfukuza karani wa sensa mpaka akajihesabu mwenyewe mara mbili. Wananchi wakalia. Serikali ikasikia. Waziri wa Mapumziko na Utulivu wa Umma, Mheshimiwa Dakta Kasongwa, akaunda kamati ya kuwahamisha wanyama hao, kamati ikapewa fungu nono, na asubuhi moja malori yaliyofunikwa turubai yakapita barabarani, bendi mbele, watoto wa shule wakipunga bendera. Malori yaliruka mashimoni kwa wepesi wa ajabu kwa gari lililobeba mizigo mizito hivyo, lakini watu walikuwa wanatazama bendi.

Jioni Waziri akasema redioni: "Wamehama wote, kwa hiari yao, na wameniaga kwa heshima. Wako nchi jirani."

Nchi jirani ikasema haijapokea mgeni yeyote. Lakini nchi ile inajulikana kwa wivu.

Tangu siku hiyo kilichobaki ziwani kiliitwa gogo. Wataalamu walieleza kwa utulivu. Gogo likikoroma, ni gesi. Gogo likipiga miayo, ni mbao zinapasuka kwa jua. Gogo likionekana na mtoto ubavuni, ni chipukizi. Na mtu akisema vingine alishtakiwa kwa kosa jipya lililoitwa kuona kwa makusudi.

Wa kwanza kushtakiwa alikuwa Shija, fundi baiskeli. Alirudi kutoka ziwani mbio, akalitamka lile neno sokoni, mchana kweupe, mbele ya mashahidi wanaonunua nyanya. Hawakumpiga, la hasha, Shwari ni nchi ya upole. Walimpeleka kwa daktari wa macho wa serikali, naye akamvalisha miwani yenye vioo vizito kama kitako cha chupa, ikafungwa kisogoni kwa kufuli. Tangu hapo Shija halioni gogo. Baiskeli pia haioni. Ukimpelekea gurudumu, analipapasa na kulinusa, halafu anafunga pedeli mahali pa kengele.

Huyo Shija alikuwa mdogo wake Mihambo, na Mihambo ndiye mume wa Kalunde. Basi sasa umeshaijua nyumba tunayoingia.

*

Kalunde alikuwa bibi wa mjukuu mmoja, Limi, na wa vitendawili visivyohesabika. Alitega akichambua mchele, alitega akisuka ukili, alitega hata msibani, kwa sauti ya chini, ili wafiwa wapate pa kushika. Sifa zake zikafika ofisini. Mtendaji wa kata akaja mlangoni amebana faili kwapani.

"Bi mkubwa, hongera. Nyumba yako imechaguliwa kupumzika Jumamosi, Siku ya Taifa ya Mapumziko, katika hifadhi mpya ya Ziwa Lutende."

"Ahsante, baba, lakini Jumamosi tunapalilia."

"Hamjanielewa. Mtapumzika." Akatabasamu. "Na wewe utamtegea Mheshimiwa Waziri kitendawili, redioni, moja kwa moja. Mheshimiwa anapenda jadi. Hajawahi kushindwa."

Kwamba hajawahi kushindwa ilikuwa kweli tupu, kwa sababu kila kitendawili kilitangulia ofisini kwake pamoja na jibu lake. Kalunde akaombwa chake. Akatoa kile cha nyumba isiyo na mlango, jibu yai. Mtendaji akaandika, akapiga muhuri juu ya yai, akaondoka.

Mihambo, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akamtazama mkewe. "Ziwani kuna lile."

"Kuna gogo," akasema Kalunde, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

"Naam. Gogo. Limi asisogee majini."

"Hatasogea. Tutatandika mkeka mbali, tutakula wali wetu, nitatega yai langu, turudi."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Hakujua kwamba katika hifadhi ile mtu hachagui pa kutandika.

*

Getini kulikuwa na bango kubwa la rangi ya kijani: KARIBU TUPUMZIKE. KUFURAHI NI LAZIMA. KUKIMBIA NI MARUFUKU.

"Mmekuja kufanya nini?" akauliza askari wa geti.

"Kupumzika, baba," Mihambo akajibu.

"Pumzika nione."

Mihambo akashusha pumzi.

"Hiyo ni pumzi ya mtu aliyefiwa. Rudia."

Akarudia mpaka jasho likamtoka. Limi, akiwa na gauni lake la njano lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akaona babu yake anapumua kama bata mzinga, akaangua kicheko. Askari akaridhika na kicheko kile, akawapitisha wote kwa ajili yake.

Ndani palikuwa pazuri, nisiseme uongo. Majani mabichi, bembea, mnara wa kutazamia ndege, viboti vya kuendesha kwa miguu vyenye umbo la bata mweupe, shingo ndefu, jicho la rangi. Familia zilizochaguliwa ziliketi mikekani kwa mistari, na kila filimbi ilipolia zilicheka, ikilia tena zilinyamaza zikatazama machweo, ingawa jua lilikuwa bado juu. Boti ya uokoaji, mpya, yenye injini, ilifungwa gatini kwa utepe mwekundu, ikingoja Mheshimiwa aje aikate utepe. Maboya ya kuvaa nayo yalikuwapo, ya kutosha, ya rangi ya chungwa. Yalivaliwa na wageni wa heshima, jukwaani, nchi kavu, kwa usalama wao.

Jukwaa ndilo lililomshtua Kalunde.

Lilijengwa katikati ya njia pana, laini, iliyopanda kutoka majini mpaka kwenye majani mabichi kule juu, njia iliyokanyagwa ikang'aa kama sakafu ya udongo iliyosiribwa. Zulia jekundu lilitandikwa humohumo, kutoka kwenye meza ya Waziri mpaka ukingo wa maji. Kando ya zulia, kwenye tope lililokauka, Kalunde akaona alama za miguu, pana kama sinia, kila mguu vidole vinne.

Akamgeukia askari wa boti, mwanamke wa makamo aliyeitwa Koplo Mwasiti. "Mwanangu, njia hii aliitengeneza nani?"

Koplo Mwasiti akakohoa. "Mkandarasi."

"Mkandarasi ana vidole vinne?"

"Mama," akasema Koplo akitazama mawingu, "mimi nina watoto."

Mkuu wa Hifadhi, Bwana Ngwandu, alipita akiwaonyesha waandishi wa habari kazi yake. Alikuwa mtu mnene mwenye suti ya kijani na kofia yenye unyoya. "Eneo hili tulilikuta tayari limesawazishwa na asili," alikuwa akisema. "Hatukutumia hata greda! Tukasema, jukwaa likae hapa hapa."

Unaona, wajukuu? Mtu mwingine yeyote duniani angeijua njia ile ni ya nani. Lakini mwenyewe alishahamishwa redioni, na njia ya mtu aliyehama ni kiwanja.

*

Waziri alichelewa. Alichelewa saa za mchana zote, na alipokaribia kufika, jua lilikuwa limeanza kuinama kweli, na filimbi ya machweo ikapata machweo yake. Bwana Ngwandu akatazama ziwa, akaliona tupu, akapandwa na hofu.

"Picha zitakuwaje? Mheshimiwa anafika, ziwa halina raia anayefurahi! Nani ana mtoto msafi?"

Macho yake yakaangukia gauni la njano.

"Wewe mzee na huyo binti, ingieni kwenye bata."

Mihambo akasimama. "Hapana, bwana. Tunashukuru."

Hata bembea ikasimama.

"Mzee," akasema Ngwandu polepole, "unakataa kufurahi?"

Nyuma yake alisimama mtumishi ameshika sinia lililofunikwa kitambaa cheupe, na upepo ukafunua pembe ya kitambaa, na chini yake vikang'aa vioo vizito kama vitako vya chupa. Miwani mipya, na makufuli yake.

"Nitakwenda mimi," akasema Kalunde upesi. "Mtoto abaki, mzee abaki, niende mimi nifurahi."

"Wewe uko kwenye ratiba." Ngwandu akapiga filimbi. "Leteni maboya! Ah, yamekwisha. Haidhuru, ni furaha fupi."

Mihambo akamtazama mkewe, akamtazama mdogo wake Shija moyoni, akamshika Limi mkono. "Tutakaa karibu na gati," akanong'ona. "Sitampeleka mbali."

"Bibi, nitakupungia!" Limi akasema, akaruka ndani ya bata kama anayeingia kitandani.

Wakaenda. Bata akayumba, akanyooka, na mzee na mtoto wakapiga pedeli kandokando ya ukingo. Kalunde akabaki amesimama, kanga yake ameisokota mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Ving'ora vikalia. Waziri akafika.

Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kupoza uji. Akavalishwa boya, akapewa kipaza sauti. "Wananchi wa Shwari! Kupumzika si uvivu. Kupumzika ni kazi inayofanywa kwa kukaa. Tumepumzika huko nyuma, tunapumzika leo, na tutaendelea kupumzika kwa kasi!"

Vifijo. Filimbi. Kicheko.

Hapo ndipo maji yalipopasuka.

Halikutoka kwa kishindo, lingetoka kwa kishindo ingekuwa nafuu. Yalitokea masikio kwanza, yakatikisika, yakarusha matone. Halafu macho. Halafu mgongo mweusi unaong'aa, mrefu, ukaendelea kutokea kama vile ziwa lenyewe linainuka kutoka kitandani. Lilikuwa limeamka, lina njaa, saa yake ya kupanda malishoni imefika. Likageuza kichwa kuelekea njia yake.

Na mbele ya njia yake, kwenye mdomo kabisa pale zulia linapogusa maji, alikuwa bata mweupe mwenye mzee na mtoto wa gauni la njano.

Mihambo aliliona. Akaacha pedeli, akamkumbatia Limi, akamshusha chini miguuni pake, akatulia kama jiwe. Bata akaanza kuelea kivyake, akizunguka taratibu, shingo yake ndefu ikitazama kila upande.

Mtangazaji wa redio akasema, "Na kule ziwani, wasikilizaji, gogo zuri la asili limejitokeza kumlaki Mheshimiwa."

*

Kalunde alifika gatini hajui alifikaje. "Koplo! Toa boti!"

Koplo Mwasiti alikuwa amekwisha kuingia botini, mkono kwenye kamba ya injini, uso umempauka. "Nina utepe, mama. Nikiukata kabla ya Mheshimiwa, mimi ndiye wa kwanza kwenye sinia. Nipatie amri. Neno moja tu la mkubwa."

Bwana Ngwandu alikuwa amemfuata. "Nini hapa? Boti hii hutoka kukiwa na hatari. Hatari gani?"

"Ile pale!"

"Ile pale ni nini?"

Kalunde akafungua mdomo. Neno lilikuwa limekaa ulimini limejaa. Akaliona sinia. Akaona pia, upesi kama mtu anayeanguka anavyoona mambo, kwamba akilisema watamkamata, watahangaika na kufuli, watabishana kama ameona au hakuona, na boti itabaki palepale.

"Gogo," akasema.

"Gogo haling'ati," akasema Ngwandu. "Rudi ukae. Unaitwa jukwaani."

Kweli, aliitwa. Jina lake lilikuwa linavuma kwenye vipaza sauti: "Bibi Kalunde, burudani ya jadi!" Akapanda ngazi. Kutoka pale juu aliona mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa fundi: gogo, bata, zulia, Waziri. Waziri alikuwa ameupa mgongo. Kiganjani mwake, kwa wino wa bluu, kuliandikwa yai.

Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia watu wote, mikekani na jukwaani, na, kwa mazoea, nchi nzima majumbani mwao.

"Gogo langu lina masikio. Jioni hupanda nchi kavu, nalo hufuata njia yake ileile siku zote, na anayeikalia njia hajui amekalia nini."

Mwenye filimbi aliiacha midomoni bila kupuliza. Mama mmoja akamziba mtoto wake mdomo kwa kipande cha kiazi.

Waziri akatabasamu, akachungulia kiganja. "Yai!"

Jukwaa likalipuka kwa makofi.

"Mheshimiwa," akasema Kalunde, "mayai hayana masikio."

Makofi yakafa moja moja. Waziri akamtazama Ngwandu, Ngwandu akatazama kofia yake. Kule majini gogo likazama. Povu likapanda, likasogea, likasogea, likaibuka karibu zaidi, na Limi akasikika akilia kwa mara ya kwanza, kilio chembamba kilichopita juu ya maji kama ndege.

Kalunde hakulitazama gogo. Alijua akitazama hatasema tena. "Umeshindwa, Mheshimiwa? Nipe mji."

Hiyo ndiyo desturi, wajukuu, mnaijua: asiyeweza kujibu hutoa mji, na aliyetega akiukubali, huenda mjini kwake akatamba anavyotaka, kisha lazima ajibu mwenyewe. Waziri naye aliijua. Uso wake ukapata nuru. Bibi akiukubali mji, bibi ndiye atakayelisema neno, na sinia liko tayari.

"Chukua Kagoye!"

"Kagoye siutaki."

Redio zilikuwa wazi. Huko Kagoye watu walikuwa wameanza kufagia barabara kumpokea mwenye mji. Wakaweka mifagio chini, wamekasirika.

"Chukua Sungwi, na kiwanda chake cha mabati."

"Siutaki."

"Bibi," Waziri akasema kwa meno, mkono ukifunika kipaza sauti, "unataka nini?"

"Nataka mji, baba. Fanya haraka."

Akampa bandari. Akakataa. Akampa makao makuu yenyewe pamoja na uwanja wa mpira, na watu mikekani wakashika vichwa, na bibi akakataa kama anayekataa chai ya pili. Bata alikuwa amegeuka ubavu. Mihambo aliinua macho, akamwona mkewe jukwaani, na hakupiga kelele. Alimpungia tu kidogo, kwa vidole, kama walivyoagana siku zote akienda shambani.

"Mimi ni mwanamke mzee," akasema Kalunde. "Miji mikubwa itanichosha. Nipe hapa hapa tulipo. Kipande hiki tu."

Waziri nusura acheke. Ngwandu alikuwa anakuja mbio kwa hatua za kutembea, maana kukimbia ni marufuku, akitikisa kichwa, lakini Waziri alishajivuta wima na kuvimbisha kifua. "Nakupa! Mbele ya taifa zima, nakupa mji wa Hifadhi ya Ziwa Lutende, nchi yake, maji yake, na kila kilichomo!"

Limesemwa. Redioni. Limekuwa.

"Nimeupokea," akasema Kalunde. "Nikaenda zangu mjini kwangu. Nikafika, nikaketi, nikanywa maji. Nikatazama, nikaona kuna boti yangu imefungwa utepe. Nikamwambia Koplo wangu: kata!"

Koplo Mwasiti hakungoja la pili. Utepe ulikatika kwa meno. Injini ikakohoa, ikazimika. Ikakohoa tena. Gogo likafungua mdomo, na watu wote wakaona ndani, wekundu wa waridi na meno kama michi, na mdomo ule ukafumba juu ya shingo ya bata. Kraa! Bata akabaki kiwiliwili.

"Naam, wasikilizaji," akasema mtangazaji, "bata ameinamisha kichwa kwa heshima."

Injini ikawaka. Boti ikakata maji katikati ya gogo na bata, mawimbi yakalisukuma gogo kando, na Koplo Mwasiti akalishika gauni la njano kwa mkono mmoja na ukosi wa Mihambo kwa mwingine, akawavuta wote ndani kama nguo za kuanua mvua ikinyesha. Walipofika gatini Limi alitembea mwenyewe, akapanda ngazi za jukwaa akidondosha maji, akaingia ndani ya kanga ya bibi yake, akajificha humo.

Mikekani hakuna aliyepiga makofi. Walilia tu, kimyakimya, bila filimbi.

*

Lakini Waziri hakuwa mtu wa kusahau. Akajipangusa paji la uso, akasogeza kipaza sauti.

"Mji umepewa," akasema, na sauti ya kupoza uji ilikuwa imerudi. "Bibi ametamba mjini kwake vizuri sana. Sasa desturi ni desturi. Taifa linangoja. Gogo lenye masikio ni nini, bi mkubwa?"

Ngwandu alikuwa amesimama pembeni yake, sinia mikononi, kitambaa kimeondolewa. Alikuwa amekwisha kumchagulia bibi miwani, na kwa mtoto aliyelia hadharani alichagua ndogo.

Kalunde akambana Limi kifuani. Alikuwa na neno, na neno lilikuwa na kufuli. Akatazama ziwa apate kupumua. Ziwa lilikuwa tulivu. Bata asiye na shingo alielea peke yake. Gogo halikuwapo.

"Tunangoja," akasema Waziri.

Mgeni wa heshima wa mstari wa mbele, aliyekuwa akitazama ziwani, akainuka taratibu. "Samahani, Mheshimiwa, napumzika kidogo kule." Akaondoka na boya lake. Akafuata wa pili. Mikekani watu walianza kukunja mikeka, wakapumzika kuelekea getini kwa mwendo wa haraka sana ambao haukuwa kukimbia. Bendi ilipiga kwa kasi, kisha ikapiga kwa ngoma moja, kisha ngoma nayo ikaondoka. Mtangazaji aliweka kipaza sauti chake mezani, bado kinawaka taa nyekundu, akajikunyata nyuma ya spika.

Bwana Ngwandu alitazama kilichokuwa nyuma ya Waziri. Akatazama sinia. Akachukua miwani ile kubwa, akajivalisha mwenyewe, akajifunga kufuli, akatulia, hajaona kitu.

"Jibu, bibi!" akafoka Waziri. "Ama huna jibu?"

"Ninalo, baba," akasema Kalunde, akirudi nyuma kinyumenyume na mjukuu wake, mume wake amemshika kiwiko. "Lakini mji ni wangu, na mjini kwangu mgeni hutangulizwa. Nimekirahisisha. Geuka."

Mheshimiwa Dakta Kasongwa akageuka.

Zulia jekundu lilikuwa limelowa, na juu yake zilipanda nyayo, pana kama sinia, vidole vinne vinne. Mwenye nyayo alisimama hatua chache kutoka mezani, maji yakimchuruzika, kipande cha shingo ya bata kikining'inia pembeni ya mdomo, akingoja kwa uvumilivu apishwe njia yake. Halafu uvumilivu ukamwisha, akapanua mdomo.

Waziri akapanda juu ya meza. Alikikumbatia kipaza sauti kama mtoto anayemkumbatia mama yake, na redio ya taifa, iliyokuwa wazi kutoka mpaka hadi mpaka, ikalipokea jibu lake zima zima, kwa sauti ambayo hata Shija fundi baiskeli aliisikia barazani kwake, akaacha gurudumu, akaanza kupapasa kufuli lake kisogoni:

"Kiboko!"